ANAYEJIFUNZA KUJENGA NDANI YA KOMPYUTA AANZE NA NYUMBA ILIYO MBELE YAKE

Miongoni mwa elimu mpya zinazowavuta vijana wetu siku hizi ni ile ya kujenga majengo ndani ya kompyuta. Kijana huketi mbele ya kioo cha mashine, akachora mstatili, akauvuta ukapanda juu ukawa ukuta, akatoboa mlango na madirisha, akaezeka paa; kisha akaizungusha nyumba yake na kuitazama kwa mbele, kwa nyuma, kwa juu na hata kwa ndani. Kazi hiyo huitwa modeli ya pande tatu, kwa kuwa hushika urefu, upana na kimo kwa pamoja, jambo ambalo ramani ya karatasi haiwezi kulifanya. Twaipongeza elimu hii na twawapongeza wote wanaoitafuta kwa bidii. Hata hivyo, twaona yafaa kusema neno kuhusu namna wengi wanavyoianza, maana mwanzo wa elimu ndio unaoamua elimu hiyo itamfaa nani.

Neno letu ni hili. Modeli ya kwanza ya mwanafunzi na iwe ya jengo lililosimama karibu naye, analoweza kuligusa na kulipima kwa mikono yake mwenyewe. Na vipimo vyake viwekwe mahali ambapo wenziwe watavikuta. Wako watakaoona kuwa hilo ni jambo dogo. Sisi twaamini kuwa ni jambo kubwa, na nchi yetu ya Uganda imekwisha kuonyeshwa ukubwa wake kwa moto.

SOMO LA KASUBI

Hakuna asiyekumbuka usiku wa tarehe 16 Machi, 2010: jengo la Muzibu Azaala Mpanga katika makaburi ya Kasubi, yapata kilometa tano kutoka katikati ya Kampala, liliteketea. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1882 kuwa kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake. Baadaye walizikwa humo Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Mwaka 2001 Shirika la UNESCO lililitia eneo lote, lenye karibu hekta 30 za kilima, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Baada ya moto likaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na likakaa humo hadi mwaka 2023. Tangu moto hadi kuondolewa hatarini ni miaka kumi na mitatu.

Sasa tukumbuke jambo ambalo si wote wanalolijua. Mwaka 2009, yaani mwaka uliotangulia moto, jengo hilo lilikuwa limepimwa kwa mashine ya leza kwa ajili ya CyArk, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2003 na mhandisi Ben Kacyra na mkewe Barbara. Kacyra, ambaye ni mzaliwa wa Mosul nchini Irak, alisukumwa na habari za sanamu kubwa za Buddha za Bamiyan, nchini Afghanistan, zilizolipuliwa mwezi Machi 2001. Mashine ya namna hiyo hutupa miale ya mwanga ukutani, ikapima umbali wa kila mahali mwale ulipogonga, na kukusanya nukta kwa mamilioni hata umbo la jengo likaonekana kama wingu la nukta. Nyasi za Kasubi zilipogeuka majivu, umbo lake lilikuwa limehifadhiwa katika kompyuta.

Twashukuru kwamba kazi hiyo ilifanyika. Lakini hatuna budi kujiuliza: ilikuwaje kumbukumbu ya kina ya nyumba kubwa kuliko zote za urithi wetu itegemee kufika kwa wageni wenye mashine ya thamani, tena mwaka mmoja tu kabla ya msiba? Na ni majengo mangapi mengine ambayo wageni hao hawatafika kuyapima kamwe?

Msiba wa namna hii si wa Kasubi peke yake. Kanisa kuu la Namirembe la zamani, lililoezekwa kwa nyasi, liliteketezwa na radi mwaka 1910. Kwa ndugu zetu wa Unguja, Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, mchana kweupe. Wala mataifa tajiri hayakusalimika. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili, 2019. Bahati njema ni kwamba mwaka 2010 mwalimu mmoja wa historia ya sanaa kutoka Marekani, Andrew Tallon, alikuwa amelipima kwa leza na kupata nukta zaidi ya bilioni moja. Tallon alifariki mwaka 2018 asiuone moto huo, lakini vipimo vyake vilibaki, na kanisa likafunguliwa tena mwezi Desemba 2024. Jengo lililopimwa laweza kuharibika kama lolote jingine. Tofauti ni kwamba walio hai hubaki na cha kuanzia.

NYUMBA ZA KUOKOTA

Tuwatazame sasa wanafunzi wetu. Kijana akishapata kompyuta, iwe yake au ya kuazima, hupata programu bila taabu kubwa. Blender hutolewa bure, na imekuwa mali ya umma tangu mwaka 2002, watumiaji wake walipochanga euro 100,000 katika majuma saba ili kuikomboa. FreeCAD nayo ni ya bure. SketchUp, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na kupendwa na wanaoanza kwa urahisi wake, ina namna ya kutumiwa bila malipo kwa njia ya intaneti.

Taabu huanzia hapa. Ndani ya intaneti mna ghala kubwa za modeli zilizokwisha kutengenezwa: nyumba, milango, viti, miti na magari. Mwanafunzi huokota nyumba ya Ulaya yenye bomba la moshi na paa lililosimama wima ili theluji iteremke, akaipaka rangi, akaiwekea gari mlangoni, akaiita kazi yake. Picha hupendeza na marafiki husifu. Lakini mwulize ukuta ule una unene gani, kwa nini dirisha liko kimo kile, na maji ya mvua ya Aprili yatakwenda wapi. Hana jibu, kwa sababu hakuna alichokiamua. Amejifunza kupanga vitu vya watu.

Jua lenyewe laweza kumsuta. Programu hizi zina uwezo wa kuonyesha kivuli cha jengo saa yoyote ya siku yoyote ya mwaka, mradi ziambiwe jengo liko wapi duniani. Zisipoambiwa, huchukua mahali fulani pa ugenini. Huko kaskazini ya mbali, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Kampala iko karibu sana na ikweta, na adhuhuri ya mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini wa paa, ilhali adhuhuri ya Desemba hupita upande wa kusini. Basi mwanafunzi aliyeacha jua la kigeni limwongoze ataweka baraza upande mmoja tu, akidhani amewapa watu kivuli cha mwaka mzima. Kumbe nusu ya mwaka amewaanika.

Hatusemi kwamba kuiga ni dhambi. Kila fundi ameanza kwa kumwiga mwingine. Twasema kwamba anayeiga asichokipima hajui hata anachokiiga.

VIPIMO KWANZA

Kwa hiyo, mwanafunzi na atoke nje. Achague jengo dogo: darasa la shule ya kijiji, zahanati, duka la zamani, nyumba ya babu. Achukue futikamba, uzi, timazi, penseli na daftari, na mwenzake mmoja wa kushika upande wa pili. Vyote hivyo havifikii hata bei ya simu ya mkononi. Siku mbili za kupima zitamfunza mambo ambayo mwezi mzima mbele ya mashine hautamfunza.

Kwanza, atagundua kwamba nyumba nyingi hazina pembe mraba kamili. Mafundi wetu wanaijua kanuni ya tatu, nne na tano: chumba cha meta 3 kwa meta 4, kikiwa na pembe mraba, mshazari wake ni meta 5 barabara. Mwanafunzi akipima mshazari na kupata meta 5 na sentimeta 8, chumba kimepinda. Kompyuta haitamwambia hilo kamwe, kwa kuwa yenyewe huchora pembe mraba bila kuulizwa. Asiyepima mshazari atachora nyumba iliyonyooka mahali ambapo nyumba ya kweli imekwenda upande, kisha atashangaa kwa nini ukuta wa mwisho haukutani na wa kwanza.

Pili, atajifunza kwamba kosa dogo huzaa kosa kubwa. Akipima ukuta kipande kwa kipande, dirisha kisha nguzo kisha dirisha, na kila mara akakosea sentimeta moja, basi katika vipande kumi aweza kupotea sentimeta kumi. Njia iliyo bora ni kuilaza futikamba kutoka pembe moja hadi nyingine, na kusoma kila kitu kutoka mwanzo ule ule mmoja. Unene wa ukuta ataupima mlangoni, penye mwimo. Kimo cha ukuta wa matofali ambao hawezi kuufikia ataupata kwa kupima safu kumi za matofali pamoja na udongo wake, agawe kwa kumi, kisha ahesabu safu zote hadi juu.

Tatu, atajifunza umbo la duara, ambalo ni umbo la nyumba nyingi za wazee wetu. Nyumba ya mviringo hupimwa kwa kuizungushia uzi kwa nje. Urefu wa uzi ukigawanywa kwa 3.14 huleta upana wa nyumba. Muzibu Azaala Mpanga ilikuwa na upana wa nje wa meta 31 hivi, basi uzi wake ungekuwa karibu meta 97. Hapa mwanafunzi atakutana na hila ya mashine. Kompyuta nyingi haichori duara la kweli. Huunganisha vipande vifupi vilivyonyooka. Katika SketchUp, duara lisilopewa amri nyingine huwa na vipande 24. Kwa nyumba ndogo kasoro haionekani. Lakini kwa nyumba yenye upana wa meta 31, kila kipande kitakuwa na urefu wa meta 4 na zaidi, na nyumba ya mviringo itageuka nyumba ya pembe ishirini na nne. Anayejua upana wa kweli ataiona kasoro hiyo mara moja na kuongeza vipande. Aliyeokota hataiona.

Nne, atajua tofauti ya kiwanja na paa. Tuseme darasa, pamoja na upenu wake pande zote, linafunika ardhi ya meta 9 kwa 7, yaani meta mraba 63. Mwenye kutazama ramani ya karatasi peke yake aweza kununua mabati ya meta mraba 63. Paa likiwa na mwinamo wa nyuzi 30, eneo lake la kweli ni karibu meta mraba 73. Tofauti ya meta mraba kumi ni mabati ambayo kamati ya shule haikuyatia katika hesabu. Modeli ya pande tatu iliyojengwa kwa vipimo vya kweli huionyesha tofauti hiyo kabla ya senti moja kutumika. Hapo ndipo elimu hii inapoacha kuwa mchezo.

Wapo watakaotuambia kwamba futikamba imepitwa na wakati, maana siku hizi simu yaweza kupiga picha nyingi zinazopishana kidogo kidogo, na programu ikazishona zikawa modeli. Ni kweli, nasi twaishangilia njia hiyo, hasa kwa nakshi na maumbo yasiyopimika kwa uzi. Lakini picha hazijui meta. Modeli ya picha tupu haiwezi kusema kama nyumba ni kubwa kama kanisa au ndogo kama kizimba cha kuku, mpaka mtu apime walau umbali mmoja ukutani na kuiambia. Hata mashine ya kisasa kabisa humrudisha mwanafunzi kwenye futikamba.

ASICHOKIJUA LEZA

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko vipimo. Nyumba haikujengwa na umbo peke yake. Ilijengwa na maarifa ya watu. Chini ya paa la Muzibu Azaala Mpanga mlikuwa na pete 52, kila moja ikisimama kwa ajili ya ukoo mmoja wa Baganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye kwa mapokeo. Nguzo zilivikwa nguo za magome ya mti wa mutuba, na ufundi wa kutengeneza nguo hizo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za wanadamu. Leza huona kwamba hapo pana pete na hapo pana nguzo. Haijui pete ni ya nani, wala fungu la nyasi linafungwaje, wala linaanzwa kulazwa kutoka wapi, wala nani anaruhusiwa kulilaza.

Tofauti hii ilijionyesha jengo lilipokuwa likijengwa upya. Nukta milioni nyingi haziezeki paa. Paa huezekwa na watu waliofundishwa na wazee wao. Modeli na fundi ni mashahidi wawili wa jambo moja, na kila mmoja anashuhudia asichokiona mwenzake.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayepima nyumba na aketi na fundi wake, au na mzee aliyekaa humo. Amwulize jina la kila kiungo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali: msingi, kizingiti, mwimo, boriti, kenchi, kombamoyo, mwamba, upenu. Kisha ajenge modeli yake kwa viungo hivyo hivyo, kila kimoja kikiwa fungu lake lenye jina lake, asilete donge moja lisilogawanyika. Programu zote tulizozitaja zinamruhusu kufanya hivyo. Modeli iliyogawanywa namna hiyo yaweza kufunguliwa kama saa mezani kwa fundi: paa likaondolewa, kenchi zikaonekana, kenchi zikaondolewa, kuta zikabaki. Huyo atakayekuja baada ya miaka ishirini hataona sura tu, ataona nyumba ilivyoshikamana.

Kwa paa la nyasi, wanaoanza hupenda kuchora kila unyasi, hata kompyuta ikashindwa kusogea. Huo ni utii uliokosa busara. Paa lote lichorwe kwa umbo lake na kuvikwa picha ya nyasi zile zile za mahali. Kisha fungu moja la nyasi lichorwe peke yake kwa ukamilifu, na namna linavyofungwa ielezwe kwa maneno. Kujua kipi kichorwe na kipi kielezwe ni nusu ya elimu hii.

Tena adabu isisahauliwe. Kasubi ni mahali patakatifu. Hali kadhalika makaburi, mahekalu, misikiti na vyumba vya ndani vya watu. Si kila chumba ni cha kupigwa picha, na si kila ramani ni ya kutangazwa ulimwenguni. Kijana aombe ruhusa kwa wenye mahali, na pale anapokatazwa, asimamishe futikamba yake mlangoni bila kunung'unika. Ramani ya chumba cha hazina mikononi mwa mwizi ni funguo.

MASWALI YA WENYE KUSHUKU

Tumewasikia wanaosema kwamba vijana wetu wanahitaji kazi na mkate, na kwamba kupima nyumba kuukuu ni anasa ya walioshiba. Jibu letu ni kwamba kazi ni ile ile. Anayeweza kupima darasa kuukuu na kulijenga ndani ya kompyuta bila kosa, ndiye atakayeweza kumwonyesha mwenye duka namna ya kuongeza chumba, kumhesabia mkandarasi mabati na matofali, na kuionyesha kamati ya kanisa jengo lao kabla ya msingi kuchimbwa. Mwajiri mwenye akili hatauliza picha inang'aa kiasi gani. Atauliza kama kipimo cha mlango katika modeli ni kipimo cha mlango uliopo. Anayeokota nyumba za watu hana jibu la swali hilo, na kesho kompyuta zenyewe zitaokota na kupaka rangi kwa haraka kumpita.

Wengine husema: haya ni ya wasomi wa Makerere na Nkozi, wanaofundishwa usanifu wa majengo. Twawaheshimu wasomi hao, na kwao twatarajia kazi kubwa zaidi. Lakini majengo ya nchi hii ni mengi kuliko wasanifu wake. Maduka ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi mjini Jinja, yenye mwaka wa kujengwa ulioandikwa juu kwenye paji la uso wa nyumba, yanabomolewa kupisha maghorofa. Shule na makanisa ya kwanza ya wilaya zetu yanaanguka kwa mchwa. Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mradi wake uitwao Zamani ulioanzishwa mwaka 2004, kimepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, makanisa ya Lalibela na kuta za Zimbabwe Kuu. Ni kazi ya kujivunia, tena ya Waafrika. Lakini wapimaji hao hawatakuja kupima duka la kona ya mtaa wako. Hilo litapimwa na kijana wa mtaa huo, au halitapimwa.

Lipo swali la tatu, nalo ni la haki: kazi hizo zitahifadhiwa wapi? Programu hubadili mabwana. SketchUp yenyewe ilinunuliwa na Google mwaka 2006, kisha ikauzwa kwa Trimble mwaka 2012. Na kila bwana ana masharti yake. Faili iliyofungwa katika programu ya kulipia yaweza kuwa sanduku lisilo na funguo. Basi mwanafunzi aweke nakala katika namna inayosomwa na programu nyingi, na zaidi ya yote alitunze daftari lake la vipimo. Daftari halihitaji umeme. Umeme ukikatika, diski ikifa, kampuni ikifungwa, mtu mwenye daftari aweza kuijenga modeli upya kwa siku chache.

LINALOWEZEKANA

Hatuombi mambo makubwa. Shule za ufundi zinazofundisha kompyuta zaweza kuamua kwamba hakuna mwanafunzi atakayepewa alama kwa modeli ya jengo asilolipima. Walimu wakague daftari kwanza, kioo baadaye. Kila shule yaweza kuanza na majengo yake yenyewe: darasa, jiko, nyumba ya mwalimu. Baada ya miaka mitatu shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ya kijiji kizima, iliyofanywa na watoto wa kijiji.

Maktaba za wilaya na ofisi za utamaduni zaweza kutenga kabati moja la madaftari hayo na diski moja ya modeli, pamoja na kitabu cha kuandikisha jina la jengo, mahali lilipo, tarehe ya kupimwa na jina la mpimaji. Jumba la Makumbusho la Taifa laweza kupokea nakala. Nao wazee na mafundi wawapokee vijana hawa wasiwaone kama wapelelezi. Wakiwaona wazi kwa barua ya mwalimu, wawaeleze wanachokijua wakiwa bado wana nguvu ya kueleza.

Na wewe kijana unayejifunza peke yako usiku, kwa kompyuta ya kuazima na umeme wa mashaka, twakuambia usivunjike moyo kwa kuwa modeli yako ya kwanza ni darasa lenye madirisha manne na bati lililotoboka. Likiwa limepimwa sawasawa, lina thamani kuliko kasri la kuokota. Chora na lile bati lililotoboka, mahali pale pale lilipotoboka, maana huo ndio ukweli wa jengo siku ulipolipima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba atakayejenga ukuta upya atamshukuru sana yule aliyejua ulikuwa na kimo gani.